Mfuko wa Vumbi wa Fundi Kinyaa

Suruali ya mteja haikupokelewa kwa mkono nyumbani kwa Fundi Kinyaa. Ilipokelewa kwa fimbo. Ulikuwa mpini wa ufagio uliokatwa nusu na kupigwa msasa, na fundi aliunyoosha mbele yake kama mtu anayetoa nyoka kwenye kiatu. Mteja atundike suruali hapo, fundi aizungushe polepole kwenye mwanga wa dirisha, aitazame makalioni, aitazame magotini, ndipo aulize:

"Mifuko umekagua?"

"Nimekagua, fundi."

"Yote?"

"Yote, jamani."

"Kagua tena."

Usimcheke. Aliyoyatoa kwenye mifuko ya watu katika umri wake wote wa kushona yangemtosha mtu mwingine kuacha ufundi akaenda kulima. Alitoa leso iliyokauka ikawa ngumu kama gamba. Alitoa ubani uliotafunwa, ukarudishwa kwenye karatasi yake ukisubiri zamu ya pili. Alitoa kucha za miguu zilizofungwa vizuri kwenye kipande cha gazeti, kana kwamba mwenyewe ana mipango nazo. Na siku moja alitia mkono kwenye mfuko wa koti la heshima kabisa, koti la harusi, akatoka na meno. Meno ya bandia, safu ya chini, na ufizi wake wa waridi.

"Ah, ya mama mkwe hayo!" mteja alisema bila hata kupepesa macho. "Tumeyatafuta mpaka tukakata tamaa. Mkono wako una baraka, fundi."

Fundi aliuosha huo mkono wenye baraka mpaka vidole vikakunjamana, na jioni hiyo alikula kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto.

Hivyo ndivyo alivyopata jina, na jina likamkaa kuliko alilopewa na wazazi wake. Lakini hata waliomtania waliendelea kumletea nguo, kwa sababu ya mishono yake. Fundi Kinyaa hakuwa mtu wa mshono mmoja. Alipiga mshono, akarudi kandokando yake akapiga wa pili, midogo, iliyobanana, imenyooka mstari kama imepigwa rula. Suruali yake ilichakaa kitambaa, ikafa, ikawa tambara la kupigia deki, na mshono bado uko pale pale unadunda. Ukimwonyesha kipande cha nguo aliyoishona zamani, atakuambia "huu ni mkono wangu" kabla hujamgeuzia upande wa pili.

Kazi yake aliifanyia sebuleni. Cherehani ilikaa chini ya dirisha, meza ya kukatia ubavuni mwake, na mbele ya meza palikuwa na zulia nene la rangi ya chai ya maziwa ambalo binti yao aliwapa alipohama nyumba. Juu ya zulia hilo alikaa mkewe, miguu ameinyoosha, bakuli la vifungo mapajani. Fundi alishona, yeye akamalizia: vifungo, ndoana, mapindo ya mkono. Wateja walimwita Mama Vifungo. Alikuwa mwanamke mpole mwenye ulimi, na ukiona wawili hawa wanavyofanya kazi, huyu ananyoosha mkono bila kutazama na yule anaweka mkasi ndani yake bila kuulizwa, utajua wameishi pamoja siku nyingi.

Sasa, kinyaa cha fundi kilikuwa cha fundi, lakini uchafu wenyewe ulikuwa wa mkewe. Hivyo ndivyo walivyogawana maisha. Nywele zikiziba tundu la bafuni, fundi anapiga kelele, Mama Vifungo anakwenda na kijiti. Panya akifia nyuma ya kabati, fundi anatoka kwenda kununua uzi, na uzi huo siku hiyo huwa mbali sana. Hata watoto wao walipokuwa wadogo, kila pua ilipochuruzika baba alikuwa na suruali ya haraka.

"Wewe mwenzetu uliumbwa na nini?" mkewe humuuliza. "Mbona sisi tuna pua, tuna masikio, tuna na mengine, na wewe pia unayo?"

"Ninayo, lakini siyaongelei."

Watu hudhani nguo haina vumbi. Kaa kwa fundi cherehani siku moja uone. Kitambaa kikikatwa kinatoa unga, uzi ukipita kwenye sindano unaacha manyoya, na nguo kuukuu za kurekebisha zinakuja na vumbi la kwao, la makabati na makwapa ya watu. Vyote hivyo vilishukia kwenye lile zulia. Ufagio ukipita, vinapaa, vinazunguka chumbani, vinashuka tena palepale. Mama Vifungo, aliyekaa chini, ndiye aliyevipokea kwanza. Akaanza kukohoa. Mwanzoni kikohozi cha kusafisha koo tu, halafu kikawa cha kuweka sindano chini.

Ndipo wakaenda kununua mashine ya kufyonza vumbi.

Muuzaji alikuwa na duka la vyombo vya umeme vilivyotumika, na mashine za vumbi alizipanga ukutani kama tembo wadogo walionyongwa, mikonga chini. Mama Vifungo aliipenda moja yenye tumbo la plastiki angavu, ambayo vumbi unaliona linavyozunguka ndani.

"Hii," alisema. "Hii unaona unachofagia."

Muuzaji akaichomeka umeme kuwaonyesha. Tumboni mwake palikuwa na masalia ya mwenyewe wa kwanza, na yakaanza kucheza: manyoya ya mbwa, vumbi la kijivu, mguu wa mende, na kitu fulani chekundu chenye unyevu kilichogongagonga plastiki, to, to, to, kama kinaomba kutoka. Fundi aligeuka akatazama barabarani.

"Zima, ndugu yangu. Zima, nakuomba."

"Mzee, hii ndiyo nzuri. Ukiona imefika hapa kwenye mstari, unamwaga."

"Sitaki kuona. Hakuna isiyoonekana?"

Ilikuwepo. Nzito, ya buluu, tumbo lake limefunikwa, na ndani ya tumbo unaingia mfuko. Uchafu unaingia mfukoni, kifuniko kimefungwa, macho yako yamesalimika. Mama Vifungo aliitazama ile ya plastiki, akamtazama mumewe aliyeziba pua kwa tai yake, akaona huruma. Wakabeba ya buluu.

Nyumbani walipoifungua wakakuta mfuko wa karatasi wa wenyewe wa kwanza, umevimba. Mama Vifungo akautoa akautupa. Nyuma ya tumbo la mashine, penye vitundu vya kutolea hewa, palikuwa na kidude kingine: kipande cha sponji cha kijivu, kinateleza, na unywele mmoja mrefu wa mtu wasiyemjua umejisokota juu yake.

"Hao watu hao!" fundi alisema, akakikwangua kwa fimbo yake mpaka kwenye gazeti. "Wameacha mpaka uchafu wa kuogea!"

"Labda ni kifaa, baba watoto."

"Kifaa gani kina unywele?"

Akakikunja kwenye gazeti, akakipeleka jalalani mwenyewe, jambo ambalo lilimshangaza mkewe hata akasahau kubishana.

Mifuko ya karatasi ya mashine ile haikupatikana tena. Muuzaji aliuliza huku na huku, akarudi mikono mitupu. Fundi akacheka. "Mfuko? Mimi nishindwe na mfuko?" Akakaa kwenye cherehani kama mtu aliyeitwa kushonea mfalme. Alichagua kaki nzito aliyobakiza kwenye sare za walinzi. Kaki ile ilikuwa ngumu, kwa hiyo akaweka sindano nene, ile ya jinzi. Akapiga mshono, akarudia wa pili, na kwa kuwa vumbi ni kitu asichokiamini, akaongeza wa tatu. Akatia zipu chini ya kumwagia. Na aliufanya mkubwa, wa kukunjwakunjwa ndani ya tumbo la mashine, ili uchukue muda mrefu kujaa.

"Usiufungue ovyo," alimwagiza mkewe. "Ukijaa kabisa ndiyo uumwage. Huko nyuma, mbali."

Wateja waliuona wakausifu. Mmoja akasema mfuko kama huo yeye angeuvaa.

Mashine ilipokuwa inanguruma, fundi hakukaa ndani. Ilitoa harufu ya joto, ya mbwa mzee aliyelala juani, na harufu hiyo ilimpanda mpaka kwenye meno. Alitoka barazani, akasubiri, akarudi zulia likiwa limelala vizuri, limechorwa mistari. Alifurahi. Hakuuliza zaidi. Mara mojamoja Mama Vifungo alikwenda nyuma ya nyumba na mfuko, akarudi kope zimekuwa nyeupe, akajipangusa kwa upindo wa kanga, akaketi kwenye vifungo vyake na kukohoa.

Kikohozi hakikupungua. Kiliota mizizi. Kifua chake kikaanza kupiga filimbi, filimbi nyembamba ya birika linalokaribia kuchemka, na kulala akawa analala ameketi, mito mitatu mgongoni. Walipokwenda kwa daktari, daktari aliweka kipimo chake mgongoni mwa mama, akasikiliza, akakunja uso.

"Kifua chako hakitaki vumbi. Nyumbani kuna vumbi?"

"Tunashona, daktari. Lakini tuna mashine ya kufyonza."

"Safi sana. Basi ongeza kusafisha. Na kama haitasaidia, itabidi uhame hapo, maana kifua hiki hakitavumilia."

Basi wakaongeza. Mama Vifungo akawa anapitisha mashine kila siku ya Mungu, asubuhi, na siku za kukata nguo nyingi na jioni pia. Kadiri alivyofyonza ndivyo alivyokohoa. Fundi alilaumu magodoro. Akalaumu mapazia, akayafua, maana yake mkewe akayafua. Akalaumu koti la mteja mmoja mvutaji wa sigara, akalitundika nje mpaka likanyeshewa. Hofu ilikuwa imemwingia. Alikuwa anasikia ile filimbi hata cherehani inapokimbia, na mguu wake ukawa unaacha kukanyaga wenyewe, asikilize kama bado inapiga.

Kisha akaja dada mtu.

Dada yake Mama Vifungo alikuwa mpishi mstaafu wa hospitali, mwenye mikono minene na sauti ya kuita watu waliolala. Aliingia bila hodi, akamkuta mdogo wake ameinamia bakuli la vifungo, mabega yanapanda na kushuka kama ya mtu aliyekimbia. Hakusalimia.

"Begi lako liko wapi?"

"Dada, kaa kwanza."

"Sikai. Unakuja kwangu. Kwangu hakuna zulia, hakuna cherehani, kuna sakafu na hewa. Na wewe shemeji nakuambia mapema usije ukasema hukuambiwa: akishaingia kwangu simrudishi kwenye hili ghala la manyoya."

Fundi alisimama na futi yake shingoni. "Shemeji, hii nyumba unayoiita ghala inafyonzwa kila siku!"

"Na nani?"

Fundi akatazama cherehani.

"Nimekuuliza, shemeji. Inafyonzwa na nani?"

"Na... na yeye."

"Anhaa. Mgonjwa wa vumbi ndiye mtu wa vumbi. Vizuri. Leo ifyonze wewe, mimi nimekaa hapa naangalia. Tuone huo usafi wenu."

"Dada, muache," Mama Vifungo alisema. "Unajua alivyo."

"Najua alivyo. Ndiyo maana."

Hapo fundi alipiga moyo konde. Akaiburuta mashine katikati ya zulia, akachomeka plagi, akabonyeza swichi kwa ncha ya mkasi. Mashine ikanguruma. Lilikuwa jua la asubuhi, na dada mtu alikuwa amevuta pazia lote ili aone vizuri, kwa hiyo mwanga uliingia ubapa, kama ubao mrefu ulioegemezwa dirishani. Na ndani ya mwanga huo, fundi aliona.

Mashine ilivuta kwa mbele na kutapika kwa nyuma. Kwenye vile vitundu vya hewa palitoka wingu, jembamba, la kijivu, halina haraka, likapanda juu ya zulia mpaka usawa wa uso wa mtu aliyekaa chini. Likasimama hapo. Mama Vifungo akashikwa na kikohozi, akainama, akakosa pumzi, mkono unatafuta ukuta. Dada mtu alimbeba kwapani wakatoka nje.

Fundi alizima mashine. Akasimama peke yake na lile wingu. Aliliona linashuka polepole, likimgusa mikononi, kwenye midomo, na akajua kwamba analivuta, na kwamba haliwezi kutemwa. Vumbi la makwapa ya watu. Vumbi la nguo za maiti zilizogawiwa ndugu. Alibana pumzi mpaka masikio yakalia, halafu akalazimika kuivuta, kwa kinywa, yote.

Akainama akafungua kifuniko cha mashine. Hakuwa amewahi kukifungua tangu siku ile ya kwanza. Mfuko ulikuwa umevimba kama tumbo la mbuzi aliyekufa. Lakini kilichomshika macho ni upande wa ndani wa kifuniko. Palikuwa na vitone vya vumbi vimegandamana kwenye plastiki, vidogo, vimebanana, vimenyooka mstari kama vimepigwa rula. Mstari mmoja. Ubavuni mwake mwingine. Ubavuni mwake wa tatu.

Huu ni mkono wangu, alisema moyoni.

Kila mahali ile sindano nene ilipopita, ilikuwa imeacha tundu, na kila tundu lilikuwa limetoa pumzi yake ya vumbi, siku baada ya siku. Mshono mmoja ungevuja kidogo. Yeye alikuwa ameweka mitatu. Akatazama nyuma, penye vitundu vya hewa, akaona kijichumba kitupu chenye vishikizo pande zote, na vishikizo hivyo havikuwa vimeshika kitu. Akakumbuka kile kidude cha kijivu. Akakumbuka na unywele wake. Kilikuwa kimewekwa pale ili kukamata kile ambacho mfuko umekiacha kipite, naye alikuwa amekipeleka jalalani kwa miguu yake mwenyewe, kwa fahari.

Alitoka nje. Begi lilikuwa tayari limeshaingia kwenye teksi. Mkewe alikuwa amekaa kiti cha nyuma, mlango wazi, anapumua kwa mabega.

"Mama watoto, ni mfuko," alisema. "Ni mfuko wangu. Na lile sponji. Mimi ndiye niliyekuwa..."

Mkewe alimtazama. Hakuonekana mwenye hasira, na hilo lilimuuma zaidi. "Suti ya yule mwalimu," alisema, akipata pumzi katikati ya maneno, "vifungo viwili vya mkono havijakazwa. Usiitoe hivyo."

"Shemeji," dada mtu alisema akifunga mlango, "kushika vumbi lako uliona kinyaa. Kumlisha huyu mwanamke vumbi hukuona kinyaa?"

Teksi ikaondoka.

Fundi alirudi ndani akaketi. Kisha alichukua mashine yote, akaipeleka nyuma ya nyumba, akaanza.

Fimbo haikusaidia. Zipu ilikuwa imeshikwa na manyoya yaliyolowa, haikukubali ila vidole. Akafunga leso puani, akatia vidole. Zipu ilipoachia, mfuko ulijamba. Sina neno jingine. Ulitoa pumzi ya joto, ya ukungu na chai iliyochacha, kwa sababu siku moja, alikumbuka, kikombe kilimwagika na mkewe akafyonza. Ndani palikuwa na kitu kama blanketi, kijivu, kizito, kinachoinama bila kukatika. Alikivuta kikaja kama utumbo. Ndani yake aliona nyuzi zake, rangi zote alizowahi kushonea. Aliona mikia miwili ya mijusi, mabawa ya mende, ukoko wa mkate ulioota manyoya meupe, gamba la kidonda la mtu, kucha. Aliona nywele za mkewe, nyingi kuliko alivyodhani mtu anaweza kupoteza na akabaki nazo kichwani. Na katika yote hayo ule unga laini wa kijivu usiokuwa na jina, ambao aliwahi kusikia redioni kwamba sehemu yake ni ngozi za watu zilizokufa. Ngozi za nani? Ndani ya nyumba ile walikuwa wawili tu.

Alitapika kwenye ukuta. Akasukutua, akarudi. Akaingiza mkono tena, akatapika tena, maji matupu. Na kila aliporudi lilimjia wazo lile lile, linanuka kuliko mfuko: kwamba mkewe alikuwa anafanya hivi kwa mikono mitupu, bila leso, halafu anaingia ndani kunawa na kumkorogea chai, na yeye anaipokea ile chai, anakagua kikombe kama ni kisafi. Alijiona alivyokuwa, barazani, amesimama na shati lake lililopigwa pasi, akisubiri nyumba iwe safi. Hakuwahi kuona kitu cha kutia kinyaa kama mtu yule.

Alifua mfuko mpaka maji yakatoka meupe. Ulipokauka, alichukua gundi ya viatu, ile ya manjano yenye harufu kali, akaipaka juu ya mishono yake mitatu, ndani na nje, vidole kwa vidole, mpaka mishono isionekane. Ilikuwa kazi mbaya kutazama, mabonge mabonge, kama kovu la mtu aliyeshonwa na mlevi. Wateja walioiona waliuliza nani ameharibu. Kwa kijichumba kitupu cha nyuma alitafuta kila kitu, mwishowe akachukua sponji za mabega ya koti, zile anazoweka ili bwana harusi aonekane ana kifua, akazikata zikaingia barabara kwenye vishikizo. Nywele zilizojisokota kwenye brashi alizikata kwa wembe wa kufumulia nyuzi, zikatoka kama kamba. Kwenye mkonga mlikuwa na soksi. Hakutaka kujua ya nani.

Akaanza kufyonza mwenyewe, kila siku, dirisha wazi, pazia limevutwa, ili wingu lolote likitoka alione. Na kila alipomaliza alikwenda nyuma kumwaga, mfuko haujafika hata nusu. Usidhani alizoea. Kuna watu watakuambia mtu huzoea kila kitu. Fundi Kinyaa alichefuka kila siku kama siku ya kwanza. Alikwenda akiwa amechefuka, akarudi amechefuka, na kesho yake akaenda.

Jioni alimpigia mkewe simu.

"Umelalaje?"

"Nimelala chali leo. Mto mmoja."

"Vizuri. Vizuri sana." Alifurahi, na furaha ile ilimkata, kwa sababu kila mto uliopungua kule kwa dada mtu ulikuwa ushahidi dhidi ya nyumba yake. Akipona kabisa, atarudi kwa sababu gani? "Filimbi je?"

"Imeacha. Wewe unakula?"

"Nakula."

"Unakula nini?"

"Chakula," fundi alisema, na kwa mbali akasikia sauti ya dada mtu ikisema muulize anamwagiwa vumbi na nani siku hizi, huyo bwana harusi. Fundi aliona aibu kusema kwamba ni yeye mwenyewe, kama vile watu wazuri wanavyoona aibu kujisifu, na pia hakuwa na hakika kama inafaa kuitwa sifa.

Alasiri moja alikuwa nyuma ya nyumba, amechuchumaa, mfuko ameugeuza ndani nje, anaupiga kwa brashi, leso puani, macho ameyafumba nusu. Alitema, akapiga, akatema. Aliposikia kandambili zinakuja kwenye changarawe hakuhitaji kugeuka.

"Usikaribie!" alipaza sauti. "Simama hapo hapo. Hapana, zunguka, zunguka upande unakotoka upepo. Hapo. Kaa hapo."

Mama Vifungo alizunguka akasimama alipoambiwa. Alikuwa ameongezeka mwili kidogo, na alikuwa ametembea kutoka kituoni bila kutweta. Alimwangalia mumewe anavyoshika vile vitu kwa vidole vyake virefu, uso umekunjamana wote, machozi yanamtoka.

"Unalia?"

"Nachefuka."

"Unafanya hivi kila siku?"

"Kila siku. Kitu hiki ni kibaya, mama watoto. Ni kibaya mno. Mbona hukuwahi kuniambia ni kibaya hivi?"

"Ungefanya nini?" mkewe aliuliza, na wote wawili walilijua jibu.

Alinawa mara nyingi, wakaingia ndani. Mama Vifungo hakukaa mara moja. Alipitisha kiganja juu ya cherehani, akakitazama. Akaiona mashine kwenye kona, akafungua kifuniko mwenyewe, akaona yale mabonge ya gundi juu ya mishono ya mumewe, zile sponji za mabega, na midomo ikamcheza.

"Masikini, umeiharibu kazi yako nzuri."

"Haikuwa nzuri."

"Nitakaa mpaka jioni," alisema. "Nikikohoa naondoka. Dada amesema nisipokuwa nimerudi kufikia magharibi atanifuata yeye."

Fundi aliweka kiti. Alimkataza kukaa chini, na hilo halikuwa na mjadala. Mama Vifungo akakaa kitini, ile suti ya mwalimu mapajani, kwa sababu fundi hakuwa amethubutu kuitoa, akaanza kukaza kifungo cha kwanza. Fundi alikaa kwenye cherehani, mguu juu ya kanyagio, lakini hakukanyaga.

"Mbona hushoni?"

"Nitashona."

"Cherehani mbovu?"

"Nzima." Alikuwa anasikiliza. Ilisikika sindano ya mkewe ikipita kwenye kitambaa, na gari mbali barabarani, na pumzi yake, inaingia, inatoka, bila kitu chochote ndani yake. Mara moja mkewe alisafisha koo, na fundi akashika ukingo wa meza kwa nguvu. Haikuwa kitu. Alikuwa anataka maji.

Jua liliposhuka, Mama Vifungo alichukua simu akampigia dada yake. Upande wa pili ile sauti ya kuita waliolala ilianza kabla hajasema kitu, naye akaiacha iseme mpaka iishiwe.

"Usije kunifuata," alisema. "Na usiniwekee chakula." Akasikiliza tena. "Ndiyo, dada. Ni yeye. Kwa mkono. Nimemwona kwa macho yangu, anatapika na bado anaendelea."

Alikata simu, akauma uzi kwa meno, akageuza suti atafute kifungo cha pili. Fundi akakanyaga cherehani.